Pagale miaka mitano: hela ilikuwa inaingia, fursa mpya zikawa zinaondoka nayo

Chaki na Ubao (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka ausome kesho. Wiki iliyopita kijana mmoja wa ajira mpya shuleni kwetu alinifuata stafu, akaniambia anasitisha ujenzi wa msingi wake kule Kisarawe. Hela ya tofali anaiingiza kwenye biashara ya kuagiza mzigo. "Ikizunguka mara mbili tu, mwalimu, nanyanyua boma lote kwa mpigo." Maneno hayohayo niliyasema mimi mwaka 2019. Kengele ikalia, nikaingia darasani, sikumjibu. Namjibu hapa, na wengine msome.

Nilinunua kiwanja Chanika mwaka 2016, hatua 20 kwa 20. Msingi 2017. Agosti 2018 boma limesimama: vyumba vitatu, sebule, jiko, lenta (mkanda wa zege juu ya kuta) imefungwa. Hela yote ya mshahara wa ualimu, tuisheni za jioni na mkopo mmoja wa saccos. Miaka miwili kutoka kwenye majani hadi lenta! Fundi akanipigia hesabu ya kupaua: mbao, bati za geji 30, misumari na ufundi, milioni 5 na laki 4. Nikamwambia mke wangu mwakani tunahamia.

Nilipaua 2024.

Katikati hapo sikuumwa, sikusimamishwa kazi, hatukupata msiba wa kutumaliza. Mshahara haukukatika hata mwezi mmoja. Ningekuwa nimekwama kwa kukosa, nisingefungua uzi.

Kilichotokea ni hiki. 2019 rafiki yangu akanionyesha hesabu ya matikiti kwenye karatasi: mashimo kadhaa kwa ekari, matunda mawili kila shina, kila tunda shilingi 2,000. Hesabu ilikuwa safi. Nikakodi ekari moja na nusu Mkuranga, milioni 1 na laki 8 ikalala pale. Tulivuna, ila tulivuna wiki moja na wenzetu wote wa upande ule, na mnunuzi mwenye gari ndiye akapanga bei. 2020 nikaingia ubia wa bajaji na mwenzangu, milioni 2 na nusu. Injini ikafa mwezi wa saba. 2021 kuku chotara, milioni 1 na laki 2. Ugonjwa wa kideri ulipita kwa siku nne, nikabaki na banda. 2022 nikalipia mafunzo ya foreksi (biashara ya fedha za kigeni mtandaoni) na kuweka mtaji, laki 9. Mwaka huohuo viatu vya mtumba, laki 4 na nusu.

Naomba mnielewe hapa. Hakuna hata moja niliyoiingia kwa uvivu. Nilikuwa nachoka kuliko wakati wa kujenga, Jumamosi naamka saa kumi alfajiri kuwahi gari la Mkuranga. Na kila moja ilikuja ikijiita msaidizi wa nyumba: matikiti ndiyo yatakayopaua, bajaji ndiyo itakayoweka madirisha. Sikuwahi hata siku moja kusema nimeacha kujenga. Ukiniuliza wakati wowote kati ya 2019 na 2023 lengo langu ni nini, ningekujibu nyumba, tena kwa moyo wote.

Nimekuja kuona kwamba shida ilianzia palepale kwenye lenta. Kuanzia msingi hadi boma unaona kazi yako. Asubuhi ukuta uko kiunoni, jioni uko kifuani, unarudi nyumbani na vumbi kwenye viatu na moyo mweupe. Ukishafunga lenta, kinachofuata kinataka hela nyingi kwa pamoja. Unaweza kukaa miezi kumi ukiweka akiba bila kuona chochote kimebadilika. Kitu kipya kikija katika ukimya huo, kinakuja na utamu wa mwanzo: kuna kwenda shamba kuliona, kuna kikao, kuna jina la biashara. Mimi nilikuwa na njaa ya kuanza, nikadhani ni njaa ya hela.

Aprili 2023, masika yamekolea, tulikwenda Chanika mimi na mke wangu kuangalia mpaka kwa sababu jirani wa nyuma alikuwa anazungushia ukuta. Nikasukuma bati lililoziba mlango. Chumbani, kile tulichokuwa tunakiita cha kwetu, kumeota mpapai. Umefika kwenye lenta na umebeba mapapai manne. Kichwa cha ukuta kimekuwa cha kijani, ukigusa ni utelezi. Nondo za nguzo za baraza, zile tulizoziacha zikichungulia juu, zimekuwa nyekundu na kutu imechirizika hadi kwenye tofali. Kuna mtoto kaandika hesabu za kuzidisha ukutani kwa mkaa, kakosea saba mara nane.

Mkono wa kulia anakaa mama mmoja anayeuza chapati stendi. Mwaka tuliofunga lenta alikuwa hata msingi hajachimba. Siku hiyo alikuwa amekaa kwenye baraza lake, vyumba viwili vimepauliwa, pazia la kitenge mlangoni. Akatukaribisha chai. Nikamuuliza amefanyaje. Akasema, "Mimi biashara nyingi sizijui, mwalimu. Nikipata hela ya tofali kumi na tano, nanunua tofali kumi na tano."

Njia nzima kwenye daladala mke wangu hakusema neno. Usiku akatoa daftari, akaanza kuandika: matikiti, bajaji, kuku, foreksi, viatu. Akajumlisha. Milioni 6 laki 8 na elfu 50. Chini yake akaandika iliyorudi: milioni 1 na laki 6. Halafu akaandika hesabu ya fundi ya 2018, milioni 5 na laki 4, akaizungushia duara, akalisogeza daftari upande wangu, akaenda kulala.

Nitaendelea na nilichofanya baada ya hapo. Kwanza leteni michango, hasa waliopitia.

fundi_kozi

Mwalimu, pole, na hongera kwa kumaliza. Mimi ni fundi mwashi, Gongo la Mboto, miaka 19 kwenye kazi hii. Naongezea upande ambao bosi haoni.

Boma likikaa wazi haliko palepale. Linarudi nyuma. Maji ya mvua yanaingia kwa juu, kwenye viungo vya kozi (safu ya tofali) ya mwisho, yanashuka ndani ya ukuta. Kama tofali zilipigwa kwa kubania saruji, mwaka wa tatu unakwangua kwa kidole mchanga unatoka. Nondo zikishika kutu zinavimba, zinapasua zege kutoka ndani. Ndiyo maana ukimrudia fundi baada ya miaka mitano anakwambia vunja nguzo hizi tusimamishe upya. Wengi mnadhani anatafuta hela.

Asiye na hela ya bati leo afanye hivi: kichwa cha ukuta kipakwe udongo wa saruji inchi moja, kwa mteremko kidogo maji yasikae. Nondo zinazochungulia zipakwe uji mzito wa saruji. Ni mifuko michache na siku moja ya fundi. Pia ng'oa kila kinachoota kingali kidogo, mzizi ukishapata ufa hautoki.

Sasa nataja kinachowashinda wengi, mwalimu hukukigusa. Vishawishi vingine viko ndani ya nyumba yenyewe. Bosi amefunga lenta kwa ramani ya paa la kawaida. Anapita mtaani anaona nyumba za paa la kujificha, zile ukuta unapanda juu bati lisionekane. Ananiletea picha kwenye simu: fundi, tugeuze. Kugeuza ni kupandisha kozi zaidi, kufunga mkanda mwingine wa zege, na kutengeneza mifereji ya ndani ambayo ukikosea kidogo maji yote yanashukia dari. Hela ya bati inaishia kwenye kozi za juu. Ninao mabosi watatu mpaka leo wana kuta ndefu nzuri zisizo na paa. Mwanzoni nilikuwa nakubali kwa sababu ni kazi. Siku hizi namwambia mtu: lala kwanza ndani ya hii, fasheni utaifuata ukiwa umejifunika.

Wa Nakuru

Salamu kutoka Kenya. Umenikumbusha kware.

Wenzangu wa huku watakumbuka 2013 hadi mwanzo wa 2014. Kila mtu alikuwa anafuga kware. Yai dogo kama gololi liliuzwa mara kadhaa ya bei ya yai la kuku, watu wakisema linatibu kila ugonjwa. Kwa kuwa kware ni ndege wa porini, ilibidi uchukue kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na watu walipanga foleni kukitafuta. Mimi nilikuwa nasomea ufundi wa umeme chuoni, masomo ya jioni, nimebakisha muhula mmoja. Karo ya muhula huo nilinunua kware na mashine ya kutotolea.

Nilichojifunza ni hiki, na nakipima kila jambo jipya kwacho hadi leo: uliza mteja ni nani. Tulipouza mayai kwa bei ile, wanunuzi wengi walikuwa watu wanaotaka kuanza kufuga. Vifaranga vilinunuliwa na wanaoanza, mashine na hata mafunzo vilevile. Mtu wa kula yai la kware jioni na ugali wake hakuwepo, au walikuwa wachache sana. Wanaoanza walipoisha, soko liliisha wiki hiyohiyo. Nilikuwa na trei zimejaa na hakuna aliyeuliza bei.

Muhula ule mmoja niliurudia 2017. Miaka mitatu na ushee kwa ajili ya muhula mmoja. Wenzangu wa darasa walikuwa tayari na leseni wanafunga nyaya kwenye magorofa.

Mti wa Mafinga

Mimi ni mkulima wa miti, Mufindi. Huku kwetu lengo la mtu linahesabika kwa miaka, si kwa miezi, kwa hiyo nimeusoma uzi huu taratibu.

2011 nilipanda misindano (paini) ekari tatu, nafasi ya mita 3 kwa 3, kila ekari miti zaidi ya 400. Nilipanga nikate ikifika miaka 18. Mwaka wa kwanza na wa pili una kazi: kupalilia, kukata barabara ya kuzuia moto, kurudishia iliyokufa. Baadaye kuna kupogolea. Kisha inafika miaka ambayo mti haukuhitaji. Unaenda shamba, unasimama, upepo unapita juu, unarudi. Miaka hiyo ndiyo mibaya kuliko yote.

Miti ikiwa na miaka minane yakaja maparachichi. Kila mkutano ni parachichi, kila redio ni parachichi. Nikakata ekari mbili. Mti wa miaka minane unatoa nini? Mbao za 2 kwa 2 na 2 kwa 3, nyingine zinapinda kabla hazijafika barabarani. Hela niliyopata nikanunua miche kwa muuzaji wa kando ya barabara aliyesema ni Hass, aina ya parachichi, ya kubebesha (kikonyo kimepandikizwa juu ya mche mwingine). Nikaipanda palepale kilimani palipotoka misindano, mbali na maji. Kiangazi cha kwanza nilibeba ndoo mpaka mabega yakavimba. Iliyopona, ilipozaa, sehemu kubwa haikuwa Hass. Ilikuwa ya kuotesha kokwa, kila mti na tunda lake.

Parachichi si jambo baya, niseme wazi. Jirani yangu ana bonde lenye maji, alikuwa na bustani ya miti ya matunda tangu zamani, akabebesha miche yake mwenyewe. Leo anauzia wanaosafirisha nje. Kwake ilikuwa hatua inayofuata katika kazi anayoijua. Mimi nilitoka kwenye miaka minane ya kazi yangu nikaenda kuwa mwanafunzi kwenye ya mwenzangu.

Ekari moja ilibaki kwa sababu mtu wa kukata alikuwa na msiba. Ina miaka 14 sasa. Ukiizungushia viganja viwili miti ile, vidole havikutani.

fundi_kozi

Mti wa Mafinga, sasa nimejua mbao zangu zinatoka wapi! Mabosi wananilaumu kenchi (fremu za mbao za paa) zimepinda, bati limefanya wimbi, kumbe nimefunga mbao ya mti ambao haujakomaa. Ukiishika mbao changa unaijua, nyepesi, mistari yake mipana, msumari unaingia bila kelele. Nisaidie, ukikata hiyo ekari unijulishe.

Bint Muscat

Assalaam aleikum kaka zangu. Mimi natoka Tanga, nipo Oman mwaka wa sita, kazi za nyumbani. Namjengea mama nyumba.

Nyie mnaliona pagale likawauma. Sisi tulio mbali hatulioni. Kwangu nyumba ni picha kwenye simu, na picha hiyohiyo ikikaa mwaka mzima moyo unaizoea. Hapo maneno yanapata njia. Siku ya mapumziko tunatoka wenzangu na mie kwenda Mutrah sokoni, dhahabu zimening'inia kama mashada, na kila mmoja anasema dhahabu ni akiba. Nikanunua bangili moja, nikasema hii ndiyo madirisha ya mama. Haikuwa madirisha. Ikawa bangili, kisha nikatamani ya pili ziwe jozi. Na kutoka nyumbani simu haziishi: dada, kuna pikipiki inauzwa bei ya kutupa, dada, kuna kiwanja kingine, tukikikosa hiki hatupati tena.

Nilichofanya ni kuacha kutuma hela kwa mtu. Natuma kwa mwenye duka la vifaa moja kwa moja, tumekubaliana, anaandika risiti anaipiga picha ananitumia. Mwezi huu saruji mifuko minane, mwezi ule nondo. Ndugu walikasirika, sitawaficha, wakasema siwaamini. Nikamwambia kaka yangu: wewe nakuamini, hela ndiyo siiamini, hata mkononi mwangu siiamini. Bangili niliiuza mwaka jana. Madirisha yamewekwa Februari, ya vyuma, mama kapaka rangi ya bluu mwenyewe.

Njia Panda

Natofautiana kidogo na wachangiaji, kwa heshima. Mnazungumza kana kwamba kubaki siku zote ndiyo sahihi. Mimi nilikuwa na duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na chuo. Miaka minne nimeng'ang'ania duka linakufa kwa sababu kila mtu ananiambia usitapetape, tulia na moja. Wanafunzi walikuwa wameanza kutumiana notisi kwa simu. Siku nilipofunga nikaanza kutengeneza simu ndipo nikapumua. Ningewasikiliza nyie ningekuwa bado napuliza vumbi kwenye mashine. Mtu atajuaje kwamba hiki ni kishawishi na hiki ni wakati wa kuondoka?

Chaki na Ubao (mleta uzi)

Njia Panda, swali lako nimekaa nalo siku mbili, ndiyo maana nimechelewa.

Naona jibu liko kwenye hadithi yako mwenyewe. Duka lako lilikwambia limekufa. Wateja walipungua, wino haurudishi gharama, miaka minne ya ushahidi. Sababu ya kuondoka ilitoka ndani ya kazi. Sasa angalia yangu. Nyumba haikuniambia lolote baya. Kiwanja hakina mgogoro, ukuta haujapasuka, familia bado inalipa kodi ya nyumba Ukonga na mwenye nyumba anapandisha. Kila sababu ya kuuacha ujenzi ilitoka nje: rafiki kaja na karatasi, nimeona mtu kwenye simu, nimesikia kwenye kikao. Siku hizi najiuliza hilo tu. Ikiwa kazi yenyewe ndiyo inanifukuza, naisikiliza, hata kama nimeipenda. Ikiwa kuna kitu kinaniita na kazi yangu haina kosa, nabaki.

Na hata ukiondoka, wewe ulifunga kwanza. Ndipo ukaanza simu. Mimi niliacha vitano vyote vikiwa wazi, kila kimoja kinakula kidogo. Banda la kuku lilikuwa bado linadaiwa kodi ya eneo mwaka mmoja baada ya kuku wa mwisho kufa.

Mti wa Mafinga

Kwenye hilo la Njia Panda, kuna kisa nilikisikia kwenye semina ya maparachichi, nikakipenda. Hass lilikuwa jina la mtu, Rudolph Hass, mbeba barua wa posta kule California, Marekani. Alinunua kashamba, akaotesha kokwa ili abebeshe juu yake aina iliyokuwa ikitamba wakati huo, Fuerte. Mche mmoja ukakataa kushika. Akataka kuukata. Fundi wake wa kubebesha akamwambia mche una nguvu, uache ukue. Ndio uliozaa parachichi hili tunalohangaika nalo, akaupatia hataza (haki ya mvumbuzi) mwaka 1935.

Nilichokishika ni kwamba mche ule haukumwondoa kwenye lolote. Aliuacha ukue pembeni, akaendelea kubeba barua. Haukumtaka auze shamba wala aache mshahara. Kitu kipya cha namna hiyo, sidhani kama kina ubaya. Mimi mche wangu ulinitaka ekari mbili zilizosimama.

Chaki na Ubao (mleta uzi)

Asante mzee wangu, hicho kisa nitakipeleka stafu.

Niliahidi kusema nilichofanya baada ya lile daftari. Mambo ni mawili tu.

La kwanza analo Bint Muscat tayari, na nilifurahi kuliona kwake. Hela ikikaa kama hela ina ndugu wengi. Ikishakuwa mbao, haina ndugu. Siku ya mshahara, kabla sijavua hata shati, napitia duka la vifaa nalipia. Mwenye duka alinifungulia ukurasa kwenye kitabu chake: mwalimu, mbao 2 kwa 4, kumi na mbili. Mwezi unaofuata kumi. Ukurasa ule ukawa ndiyo ukuta wangu unaopanda, maana nilikuwa nimekosa kitu cha kuona. Kuna miezi nililipia mbao tatu, nikaona aibu. Mwenye duka akaandika tatu, akasaini.

La pili ni lile daftari la mke wangu. Kurasa za nyuma tulizigeuza kuwa za fursa. Kila wazo jipya likija, haijalishi ni zuri kiasi gani, linaandikwa pale na tarehe yake na jina la aliyelileta, na hakuna kuligusa mpaka hatua iliyopo iishe. Hatua, sikusema nyumba nzima. Nisingeweza kungoja nyumba nzima, najijua. Tulisema mpaka bati la mwisho. Mwanzoni ilikuwa ngumu sana, kuna jioni nilitembea uwanjani mpaka saa nne kwa sababu ya mashamba ya ufuta. Lakini kuandika kulinituliza kuliko kukataa. Wazo likishaandikwa halipotei, na mimi sina haja ya kulikimbilia. Siku tuliyopaua tulilisoma lote. Yalikuwa mawazo 14. Tuliyoyatamani bado ni mawili. Mengine kadhaa, hata aliyeyaleta alikuwa ameshayaacha.

Kupaua kulinigharimu milioni 8 na laki 1, mbao na bati zimepanda, na nguzo mbili za baraza fundi alizivunja kama alivyosema fundi_kozi. Nakitaja kiasi hicho ili kijana wangu wa Kisarawe aone tofauti na ile milioni 5 na laki 4. Ongeza kodi ya Ukonga ya miaka yote hiyo. Hiyo sikuthubutu kuijumlisha.

fundi_kozi

Mwalimu, hilo la kugeuza hela kuwa vifaa ni zuri lakini naomba niliwekee mipaka, watu wasije wakaumia. Saruji usinunue mapema. Hata stoo kavu, ikikaa miezi mitatu nguvu inapungua, mifuko ya chini inageuka mawe. Lipia dukani iandikwe, uichukue wiki ya kazi. Mbao ukizichukua zipangwe kivulini, juu ya matofali zisiguse chini, na vijiti katikati ya kila safu hewa ipite, la sivyo zinapinda au zinaliwa na mchwa. Bati zikilazwa pamoja zikiwa na unyevu zinafanya madoa meupe. Kokoto na nondo ndizo zinazovumilia, ila nondo ziinuliwe zifunikwe. Na uchague duka la mtu unayemfahamu, andikiana naye, kila mmoja abaki na nakala. Duka likifungwa na kitabu kinaondoka.

Wa Nakuru

Mwalimu, yale mawazo mawili mliyobakiza kwenye daftari ni yapi?

Chaki na Ubao (mleta uzi)

La kwanza ni tangi la kuvuna maji ya mvua, sasa tuna paa. La pili ni la mke wangu, chumba kimoja cha duka mbele, atengeneze unga wa lishe. Tumehamia Desemba iliyopita, sakafu bado vyumba viwili, dari hakuna, usiku tunasikia kila tone. Duka limeandikwa kwenye daftari: baada ya sakafu.

Kijana wa Kisarawe amesoma uzi mpaka hapa. Leo ametumia kipindi cha mapumziko kuniuliza tofali kumi na tano ni shilingi ngapi kwa sasa. Fundi_kozi, upande wa Kisarawe wanauzaje ya inchi sita, iliyopigwa vizuri?

fundi_kozi

Aje PM (ujumbe wa faragha). Jumamosi nipo upande huo, nitampeleka kwa mtu anayepiga tofali 30 kwa mfuko na anazimwagilia siku saba. Aje na hela ya kumi na tano tu.